Keria ya Kiprugut: Kikao Maalum cha Kulijibu Neno "Dhahiri"

CHAMA CHA MAFUNDI VYUMA, BONDENI, NAKURU

KUMBUKUMBU ZA KIKAO MAALUM CHA KAMATI

Tarehe: Jumamosi, 8 Novemba 2025
Mahali: Chumba cha nyuma, duka la vyuma la Mwenyekiti, Bondeni
Kuanza: Saa nane na robo mchana (kikao kiliitwa saa saba)

WALIOHUDHURIA
1. Bi. Kadija Obeid – Mwenyekiti
2. Bw. Waithaka Kihara – Katibu (mwalimu mstaafu)
3. Bw. Mwaura Mburu – Mjumbe, fundi wa keria
4. Bw. Kibii Kipngeno – Mjumbe, mwakilishi wa mafundi vijana

MWALIKWA
5. Bi. Wariara Kiprugut – mjane wa aliyekuwa mwanachama, marehemu Joel Kiprugut

WASIOHUDHURIA
Kwa udhuru: Bw. Zayed, Naibu Mwenyekiti. Maji ya ziwa yameingia nyumbani kwa dada yake Kihoto, Naivasha, naye anamsaidia kuhama.
Bila udhuru: Bi. Shiru, Mjumbe.

KUMB. NA. 1/11/2025: KUFUNGUA

Mwenyekiti alifungua kikao kwa dua fupi, akamkaribisha Bi. Wariara na kumpa kiti cha mezani. Alieleza kwamba ajenda ni moja tu, nayo ni barua iliyotoka Nairobi kuhusu keria, yaani fremu ya mizigo ya juu ya gari, aliyoibuni marehemu Kiprugut. Alimwagiza Katibu ayaandike maneno ya wajumbe yalivyosemwa kila yanapohusu keria hiyo, kwa kuwa huenda kumbukumbu hizi zikaambatanishwa na jibu.

Bw. Kibii aliuliza kama hata mizaha itaandikwa. Mwenyekiti alijibu: "Andika, Mwalimu. Akijua anasomwa Nairobi labda ataanza kufunga vifungo vya shati."

Bw. Mwaura aliketi karibu na mlango. Mwenyekiti alimwomba mara mbili asogee mezani. Alijibu mara mbili kwamba mlangoni kuna hewa.

KUMB. NA. 2/11/2025: BARUA YA MKAGUZI

Katibu alisoma barua ya ofisi ya serikali inayotoa hataza. Barua iliandikwa tarehe 19 Agosti na inataka jibu ndani ya siku tisini, yaani kabla ya Jumatatu, tarehe 17 mwezi huu.

Bw. Kibii aliuliza kwa nini barua ya Agosti inaletwa kwenye kamati Novemba. Katibu alieleza kwamba ilitumwa kwenye sanduku la posta la marehemu na ikakaa humo hadi tarehe 30 Oktoba. Bi. Wariara aliomba kujibu mwenyewe. Alisema: "Ufunguo wa sanduku ulikuwa kwa mfuko wa koti yake. Koti bado iko kwa msumari. Sikutaka kuingiza mkono kwa hiyo mfuko, mpaka juzi." Bw. Kibii alisema basi, pole mathe, swali limejibiwa.

Kwa faida ya wajumbe Katibu alieleza, na anaomba radhi kwa urefu wa maelezo, kwamba hataza ni hati inayotambua kuwa kitu fulani kilibuniwa na mtu fulani, na jina la mtu huyo huandikwa katika daftari la nchi. Marehemu aliomba hataza ya keria yake Oktoba 2022. Alifariki Februari 2024 kwa ugonjwa wa figo, ombi likiwa bado kwenye foleni, na mjane wake analiendeleza kwa niaba yake.

Mkaguzi wa hataza hujiuliza maswali matatu. La kwanza, je, kitu hiki ni kipya? Mkaguzi wetu amekubali kwamba ni kipya. La pili, je, kinafanya kazi? Amekubali. La tatu ndilo gumu. Je, fundi wa kawaida, mwenye ujuzi wa kazi hiyo, angekifikia bila kuumiza kichwa? Kama angekifikia, kitu hicho huitwa dhahiri, na kilicho dhahiri hakipewi hataza hata kikiwa kizuri namna gani.

Mkaguzi ametaja vitu viwili vilivyokuwapo zamani. Kimoja ni keria ya ng'ambo ya kubebea ngazi, ambayo huvutwa yote nyuma ya gari na kuinama kwa bawaba. Cha pili ni ubao wa kuinulia mizigo ghalani, unaopanda na kushuka kama pembea ya ubao, upande mmoja ukishuka mwingine ukipanda. Anasema fundi mwenye vitu hivyo viwili mkononi angeviunganisha na kupata keria ya Kiprugut. Kisha anaongeza kwamba mwombaji mwenyewe amekiri hivyo katika ukurasa wa tatu wa maelezo yake. Jambo hilo la mwisho limepewa nafasi yake katika Kumb. Na. 4.

KUMB. NA. 3/11/2025: KERIA YENYEWE

Mwenyekiti alisema yeye huuza vyuma wala havichomelei, kwa hiyo aelezwe keria hiyo ina nini.

Katibu alichukua rula na kiberiti. Alieleza kwamba keria ya kawaida ni fremu juu ya paa, na kupandisha gunia la viazi la kilo hamsini huko juu kunataka watu wawili. Kwa miaka mingi mafundi wa mji huu wamejaribu kutengeneza ulimi, yaani ubao wa chuma unaoteleza katikati ya fremu kwenda nyuma ya gari, ushuke hadi kiunoni mwa mtu, upokee gunia na kulipandisha. Wote waliuvuta ulimi wote nje na kuufunga kwa bawaba kwenye ukingo wa paa. Katibu aliivuta rula yote nje ya meza na kuweka kiberiti juu yake. Rula ilianguka. Hivyo ndivyo ndimi zile zilivyofanya, isipokuwa zenyewe zilianguka na gunia.

Marehemu aliutoa ulimi theluthi moja tu. Theluthi mbili alizibakiza juu ya gari. Katibu aliivuta rula hivyo, akaweka kiberiti kwenye ncha ya nje, akabonyeza ncha ya ndani kwa kidole kidogo. Kiberiti kilipanda. Alieleza kwamba mkono mrefu wa mizani humsaidia mnyonge: mtu akiivuta kwa kamba ile ncha ndefu, gunia la kilo hamsini humlemea kama la kilo ishirini na tano. Likishafika juu husukumwa kando kwenye fremu, na ulimi hushushwa kufuata lingine.

Bw. Kibii: "Mwalimu, si hiyo ni pembea ya watoto?"

Bw. Mwaura (akiwa mlangoni): "Si ndio. Ni pembea. Nani hajui pembea? Hata huyo wa Nairobi ameona."

Katibu anarekodi kwamba Bw. Mwaura hakuwa ameisoma barua, na maneno yake yalilingana na ya mkaguzi karibu neno kwa neno.

Mwenyekiti alimwomba Bi. Wariara aeleze keria ilianzaje. Alieleza kwamba alikuwa akitoa viazi Dundori na kuvileta sokoni kwa gari dogo aina ya Probox. "Kushusha huku mjini si shida, watu wako. Kule shambani ndio shida. Unasimama na gunia zako unangojea mwanaume apite. Mmoja anakupakilia na kwenda. Mwingine anataka kwanza mpige stori, anataka namba ya simu. Siku moja nikarudi saa mbili usiku kwa sababu nilikataa mmoja kunipakilia. Kiprugut alienda nje akazunguka gari, akazunguka, kama mtu amepoteza shilingi. Alizunguka hiyo gari karibu mwaka."

Alisema hadi leo anapakia peke yake. Alisema pia kwamba kila akivuta ile kamba anaona ni kama kuna mtu ameshika upande ule mwingine, na akaomba hilo lisiandikwe. Baadaye, kabla ya kikao kufungwa, alibadili nia na kuruhusu liandikwe.

KUMB. NA. 4/11/2025: SENTENSI YA UKURASA WA TATU

Katibu aliomba kuliwasilisha jambo hili yeye mwenyewe kwa kuwa kosa ni lake.

Maelezo ya ombi yaliandikwa na Katibu kwa Kiingereza, marehemu akisema kwa Kiswahili. Katika ukurasa wa tatu, baada ya vipimo vyote, kuna sentensi ambayo mkaguzi ameinukuu kama ungamo. Katibu aliisoma kwa Kiswahili kama marehemu alivyoitamka: "Hii ni kitu ndogo tu. Fundi yeyote akisimama hapo nilisimama ataiona."

Katibu alieleza kwamba wajumbe wote wanaijua desturi ya mafundi wetu. Fundi hajisifu. Mteja akimsifia geti, husema ni kazi ya kawaida tu. Anayesema "hili hakuna mwingine angeweza" hutazamwa kama mtu aliyevaa suti karakanani. Marehemu alikuwa akifuata adabu hiyo. Lakini katika fomu ya hataza adabu hiyo ni sawa na mtu kusimama mahakamani na kukana shamba lake. Katibu alisoma masharti ya hataza kabla ya kuandika; alikijua kipimo cha "dhahiri"; na hata hivyo aliiandika sentensi hiyo kwa sababu ilimpendeza masikioni. Aliomba kamati imsamehe na mjane amsamehe.

Mwenyekiti alisema: "Mwalimu, umefundisha watoto miaka thelathini na nane wasome swali kabla ya kujibu."

Katibu alikubali kwamba hilo ni kweli.

Katibu alipendekeza jibu lianze kwa kumwomba mkaguzi sentensi hiyo iondolewe. Bi. Wariara alipinga. Aliomba kwanza isomwe tena. Ilisomwa. Aliomba mara ya tatu, na Katibu aliisoma polepole.

Bi. Wariara alisema: "Hizo karatasi zingine zote ni Mwalimu anaongea. Milimita, theluthi, pembe. Mimi sijui hiyo sauti. Hapo tu ndio anaongea yeye. Ukitoa hapo, utanipatia hataza ya nani?"

Bw. Kibii alisema kwamba mathe anataka kushika nyoka kwa kichwa na mkia: hiyo sentensi ndiyo inaua ombi. Bi. Wariara alisema anajua. Mwenyekiti aliamua kwamba suala la kuiondoa liahirishwe hadi ijulikane jibu litakuwa lipi.

KUMB. NA. 5/11/2025: JIBU LIWE LIPI

Bw. Kibii alitaka kwanza kuelewa kama hataza ikitolewa, mafundi watazuiwa kutengeneza keria za namna hiyo. Alikiri ametengeneza saba. "Niseme ukweli mapema, nisikuje kutafutwa na askari. Niliangalia tu nikaiga. Si ndivyo sisi wote tulijifunza?"

Bi. Wariara alijibu: "Kibii, tengeneza hata mia. Kuna siku nilihesabu tatu kwa barabara ya Dundori na nikafurahi. Lakini nilisimamisha mmoja nikamuuliza hiyo keria inaitwaje. Akasema, 'Mathe, hii ni ile ya kawaida.' Ya kawaida! Mtu wangu amekufa hata miaka miwili haijaisha na ameshakuwa kawaida. Sitaki kuzuia mtu. Nataka pahali kumeandikwa ni yeye."

Mwenyekiti alisema hilo liandikwe kama msimamo wa mwombaji.

Katibu alieleza njia iliyopo. Neno "dhahiri" halipimwi baada ya jibu kujulikana. Kitendawili kikishateguliwa, kila mtoto husema alikuwa anakijua. Kipimo cha haki ni kuuliza kama fundi hodari, kabla hajaonyeshwa, alihitaji kitu hicho, alikitafuta, na hakukipata. Akipatikana fundi wa namna hiyo, mwenye uzoefu mrefu wa keria, akaapa kwa maandishi kwamba alijaribu akashindwa, mkaguzi atalazimika kumpima. Hata ile sentensi inaweza kubaki, ikielezwa kuwa ni adabu ya kazi, mradi huyo "fundi yeyote" aliyetajwa ndani yake ajitokeze na kusema kwamba alisimama pale pale na hakuona.

Mwenyekiti aliuliza ni nani katika Bondeni ana uzoefu mrefu zaidi wa keria. Wajumbe wote walitazama mlangoni.

Kwa msomaji asiyewajua: Bw. Mwaura na marehemu walifanya kazi katika kibanda kimoja, kwa mashine moja ya kuchomelea, kwa miaka kumi na sita. Mwaka 2021 Bw. Mwaura aliweka ukuta wa bati katikati ya kibanda. Tangu siku hiyo hadi kifo cha marehemu hawakusemezana.

KUMB. NA. 6/11/2025: PINGAMIZI LA BW. MWAURA

Bw. Mwaura alisema hataandika. Alitoa sababu tatu, ambazo zinaandikwa kwa mpangilio alioutoa.

Kwanza, keria hiyo ni dhahiri na yeye hawezi kuapa uongo. "Mimi ni shemasi."

Pili, akiandika kwamba miaka thelathini na moja ya kazi haikumwezesha kuona pembea, hakuna mtu wa Nakuru atakayemletea hata kiti cha kuunga mguu.

Bw. Kibii aliingilia hapa. "Na zile keria nne ziko na kutu nyuma ya kibanda yako, mzee? Zile tunaanikia nguo? Hizo zilikuwa zinatafuta nini?"

Bw. Mwaura: "Wewe kijana nyamaza. Umeingia nusu ya kibanda ya Kiprugut juzi na umeanza kuhesabu vyuma zangu."

Bw. Kibii: "Si kuhesabu, mzee. Ni kwamba kila siku unazima mashine katikati ya kazi, unanyamaza, unasikiza upande wangu. Nilidhani unachunguza kama ninaiba mchoro. Nikasema wacha na mimi nichunguze."

Mwenyekiti alimwomba aendelee na sababu ya tatu.

Bw. Mwaura alisimama. Alisema: "Ya tatu ni yenu. Siku ya mazishi kulikuwa na ratiba. Mwakilishi wa ukoo, wa kanisa, wa chama, wa majirani. Miaka kumi na sita tumekula kwa sufuria moja, na hakukuwa na laini ya Mwaura. Nilisimama kwa ua na watu wa kuegesha magari. Nilikuwa na maneno. Nilitoka nayo nyumbani, nikarudi nayo nyumbani. Sasa yamehitajika Nairobi ndio mnaniita? Mlininyima maneno kaburini, mnayataka kwa karatasi?"

Mwenyekiti alisema kamati ya mazishi ilikuwa chini yake, na kwamba walidhani kumwita kungemuudhi. Katibu aliongeza kwamba ratiba ni yeye aliyeiandika, na kwamba hilo linafanya makosa yake yaliyorekodiwa leo kuwa mawili. Bw. Mwaura alisema kudhani si kuuliza. Hapakuwa hata na umbali wa hatua mia moja kutoka duka hili hadi kibandani kwake.

Mwenyekiti aliomba radhi kwa niaba ya chama. Bw. Mwaura alisema amesikia. Hakuketi.

Bi. Wariara alizungumza bila kuomba nafasi, na Mwenyekiti hakumzuia.

"Baba Wangare, mimi niliuliza."

Bw. Mwaura: "Uliuliza nini, Mama Cate?"

Bi. Wariara: "Ratiba ilipoletwa niliuliza, Mwaura yuko wapi. Wakasema wewe hutaki. Nikaamini, kwa sababu yeye mwenyewe alikufa akidhani hutaki. Kule hospitali alikuwa anaamka ananiuliza, 'Amekuja?' Nikimuuliza ni nani, ananyamaza. Sasa nikuulize. Hiyo siku alikuonyesha keria mara ya kwanza, ni nini kilifanyika? Yeye hakuwahi kuniambia. Alirudi tu na chakula hakula."

Mashine ya mtu ilikuwa ikikata chuma barabarani, kisha ikanyamaza.

KUMB. NA. 7/11/2025: MAELEZO YA BW. MWAURA

Bw. Mwaura alisogea mezani na kuketi. Alimwambia Katibu: "Andika. Lakini usinipambe. Usiweke Kiingereza chako."

Yafuatayo ni maneno yake, na yamesomwa mbele yake akayakubali.

"Jina ni Mwaura Mburu. Nimechomelea vyuma miaka thelathini na moja, na keria ndio kazi yangu. Mimi nilianza kutafuta ulimi mwaka wa 2010. Ya kwanza nilitengenezea mtu wa kabeji, bawaba ikakatika akiwa Subukia. Ya pili niliweka bawaba nene. Ya tatu niliweka bawaba nene zaidi na springi mbili za boneti, ikarudi juu na kuvunja kioo ya nyuma. Zote tatu nilirudishiwa. Ya nne sikuuzia mtu. Kila mara niliona shida ni bawaba. Miaka kumi na moja nilikuwa naangalia bawaba. Pembea nilikuwa naijua, nimetengenezea shule pembea nyingi sana. Sikuwahi kuwaza kuacha chuma juu ya gari. Nilikuwa naona chuma inabaki juu ni chuma imepotea.

"Kiprugut alikuwa ananishikia hizo zangu nikichomelea. Alijua ziko na shida wapi, hakunicheka hata moja.

"Siku ile aliniita nje. Gari ya Mama Cate ilikuwa hapo. Akavuta ulimi, ukatoka kidogo, ukasimama. Akaweka gunia. Akanipatia kamba. Nikavuta kwa mkono mmoja. Nilielewa mara moja, kabla gunia haijafika juu. Hiyo ndiyo iliniuma. Miaka kumi na moja, halafu nielewe kwa kupepesa jicho. Watu walikuwa wanaangalia. Nikasema, 'Umetengeneza kitanda ya hospitali.' Watu wakacheka. Nilicheka mimi zaidi ya wote, ndio nisilie.

"Yeye akaniambia, 'Si kitu, Mwaura. Ni kitu ndogo tu. Fundi yeyote akisimama hapo nilisimama ataiona.' Mbele ya watu. Nikaona ananitukana. Kwamba fundi yeyote ataona, ila mimi. Kesho yake nikanunua bati.

"Leo nimesikia hiyo sentensi ikisomwa mara tatu. Hakuna watu hapo kwa karatasi wa kuonyesha. Hakuna mtu wa kutukana. Ameisema hapo hivyo hivyo, mahali inamwumiza yeye mwenyewe. Basi hata siku ile hakuwa ananitukana. Alikuwa ananiambia ningeiona. Alikuwa ananisitiri.

"Sasa naapa. Mimi ndio huyo fundi yeyote. Nilisimama hapo alisimama, kwa hicho kibanda, kwa hizo gari, na mashine hiyo hiyo, miaka kumi na moja. Sikuona. Kama yeye hangekuja, nisingeona hadi leo. Nikisema ni dhahiri, ni kwa sababu alinionyesha.

"Na huyu kijana amesema kweli kuhusu mashine. Nazima nisikize. Nilikuwa najua kazi yake kwa nyundo. Geti ina sauti yake, dirisha ina sauti yake. Alikuwa anapiga mbili halafu anapumzika. Kibii anapiga tatu. Anapiga vizuri, simlaumu. Lakini nazima."

Katibu aliuliza kama aya ya mwisho ibaki, kwa kuwa mkaguzi hataihitaji. Bw. Mwaura alisema mkaguzi anaweza kuiruka.

KUMB. NA. 8/11/2025: MAAZIMIO

Kamati iliazimia kwamba maelezo ya Bw. Mwaura yapelekwe kwa wakili wa viapo Jumatatu asubuhi, naye Bw. Mwaura aandamane na Katibu. Keria zake nne zipigwe picha jinsi zilivyo, na kutu yake, ziambatanishwe. Bw. Kibii alijitolea kuondoa nguo. Jibu lipelekwe Nairobi kwa mkono, si kwa posta, kabla ya Ijumaa.

Kuhusu sentensi ya ukurasa wa tatu, Mwenyekiti aliuliza tena kama iombewe kuondolewa. Bi. Wariara alimtazama Bw. Mwaura. Bw. Mwaura alisema: "Iache. Hiyo ni yangu pia." Iliazimiwa ibaki.

Katibu aliwakumbusha wajumbe, ili mtu asije kuvunjika moyo, kwamba mkaguzi bado ana haki ya kukataa. Hati ya kiapo ni ushahidi tu, na uamuzi ni wake. Bi. Wariara alisema ameelewa. Alisema pia kwamba akikataa, ataomba nakala ya ukurasa wenye maneno ya Baba Wangare aiweke pamoja na ule wa tatu.

KUMB. NA. 9/11/2025: KUFUNGA

Hapakuwa na mengineyo. Mwenyekiti alimwomba Bw. Mwaura, kama shemasi, afunge kwa sala.

Bw. Mwaura alisimama na kuvua kofia. Wajumbe waliinamisha vichwa. Alisema, "Baba, tunakushukuru kwa," kisha hakuendelea. Alibaki amesimama, kofia mkononi. Hakuna aliyefungua macho, ila Katibu, ambaye kazi yake ni kuandika.

Baada ya muda Bi. Wariara alisema, "Amina." Wengine wakaitikia, naye Mwenyekiti akaitikia.

Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini.

Kumbukumbu hizi zimesomwa na kuthibitishwa kuwa sahihi:

Kadija Obeid ………………………… Mwenyekiti Tarehe ……………

Waithaka Kihara ………………………… Katibu Tarehe ……………